Kisiwa Kilicho Mlangoni: Ya Kuona na Kufanya Malava Likizo Hii

*Mazungumzo kwa wakazi wa Malava kuhusu likizo na utalii wa nyumbani, yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wa wadi zote.*

 

Kila mwaka shule zikifungwa, na magari kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa yakianza kushusha watu stendi ya Malava, swali huwa lile lile: watoto wapelekwe wapi? Jibu la haraka ni kisiwa. Mwenye uwezo hutaja Zanzibar au Lamu. Mwenye uwezo wa kadiri hutaja Wasini, kule pwani ya kusini. Asiye na nauli hunyamaza, na watoto hubaki nyumbani wakitazama bahari kwenye simu.

Mazungumzo haya yana jambo moja la kusema. Malava ina kisiwa chake. Hakijazungukwa na maji. Kimezungukwa na miwa, mahindi, maduka na barabara ya lami. Kisiwa hicho ni Msitu wa Malava. Anayejua watu wanakwenda kuona na kufanya nini visiwani anaweza kuyafanya mengi ya hayo hapa, kwa nauli ya bodaboda. Na kisiwa hiki kina shida ile ile ya visiwa vyote: kikipungua hakirudi.

Msitu unawezaje kuwa kisiwa?

Mwaka 1967 wanasayansi wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walichapisha kitabu kuhusu viumbe wa visiwani. Hoja yao ni rahisi kuielewa. Kisiwa kikubwa kinabeba aina nyingi za viumbe kuliko kidogo. Kisiwa kilicho karibu na bara hupata wageni wapya kwa urahisi, kilicho mbali hakipati. Baada ya hapo wataalamu wa misitu waliona kwamba hoja hiyo inahusu pia kipande cha msitu kilichobaki katikati ya mashamba. Kwa mbega, shamba la miwa ni bahari. Yeye ni mnyama wa juu ya miti, hana raha ya kutembea chini kwa muda mrefu akivuka mahali palipo wazi.

Mfano mashuhuri uko Panama. Mwaka 1914 maji yalipozibwa ili kupata njia ya mfereji wa meli, bonde lilijaa na kilima kimoja chenye msitu kikageuka kisiwa. Kinaitwa Barro Colorado. Kimelindwa tangu mwaka 1923 na watafiti wamekifuatilia kwa karibu miaka mia moja. Msitu wake umelindwa, lakini makumi ya aina za ndege zilitoweka polepole, kwa sehemu kwa sababu eneo lilikuwa dogo na limekatika na misitu mingine. Somo lake ni kwamba kulinda mpaka wa msitu peke yake hakutoshi. Kipande kidogo kinahitaji uangalizi zaidi ya msitu mkubwa.

Msitu wa Malava ni wa ukoo mmoja na Msitu wa Kakamega, ambao ni ncha ya mashariki ya misitu ya mvua inayoanzia Afrika Magharibi na kupitia Kongo. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, pamoja na kipande cha Kisere, ikawa hifadhi ya taifa. Mvua ya eneo hili ni takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Kenya nzima haina msitu mwingine wa asili wa aina hii. Hata msitu mkuu umeanza kuonyesha dalili za kisiwa: kasuku wa kijivu waliokuwa wakijulikana hapo wamebaki wachache mno. Ikiwa msitu mkubwa unapoteza, kipande cha Malava, kilicho peke yake kaskazini, kina hatari zaidi.

Watu hufuata nini visiwani?

Tuseme familia imepata nauli ya kwenda mbali. Itaona nini huko?

Lamu kuna mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mgeni hutembea kwa miguu katika vichochoro ambamo punda ndiye gari. Hutazama milango ya kuchonga, huingia katika ngome iliyokamilika mwaka 1821, hupanda jahazi kwenda kuyaona magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda. Lililo muhimu ni kwamba anatembezwa na mtu wa pale, anayejua kila nyumba na habari zake. Mgeni hulipia mawe, lakini zaidi hulipia maelezo.

Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, watu hupanda mashua kwenda Kisite kuona matumbawe, samaki wa rangi na pomboo. Lakini kisiwani penyewe kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoinuka nje ya maji, na kikundi cha wanawake wa kijiji kilijenga njia ya mbao kupita juu yake. Mgeni hulipa kidogo ili apite. Mahali ambapo wengine wangeona mawe makavu na tope la mikoko, wanawake wale waliona kazi.

Zanzibar kuna Mji Mkongwe, viungo, fukwe, na kuna Jozani. Hapa mkazi wa Malava asikilize vizuri. Jozani ni msitu. Si msitu mkubwa sana. Mgeni anayesafiri kwa ndege kutoka Ulaya hutenga nusu siku ya likizo yake ya kisiwani kwenda kutazama kima punju, mnyama asiyekuwa na makao yake ya asili mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa cha Unguja. Hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji, hutembea kimya kwenye njia, hupiga picha, hurudi hotelini akisimulia. Yaani miongoni mwa mambo makubwa ya kufanya katika kisiwa kinachosifiwa kuliko vyote Afrika Mashariki ni kutazama kima juu ya miti.

Kuna visiwa vya karibu pia, na familia ya Malava inaweza kuvifikia bila ndege. Kutoka Kakamega mtu hushuka Kisumu. Ndere ni kisiwa kidogo kisicho mbali na Kisumu ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986. Hapo mtu huona swala na ndege wa ziwani. Kwenda Rusinga na Mfangano, msafiri anaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Homa Bay hadi Mbita, au kuvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, na ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969. Mfangano hufikiwa kwa boti. Kuna michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe kwenye miamba, na kuna Abasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu. Mluhya akiwasikia wazee wake wakizungumza atatega sikio.

Rusinga ina jambo jingine linalohusu Malava moja kwa moja. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata huko fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi takribani miaka milioni 18 iliyopita. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ushahidi kwamba kiumbe huyo aliishi ndani ya msitu mnene. Visiki vya miti ya msitu huo vimegeuka mawe na bado viko ardhini. Anayesimama pale leo huona nyasi, vichaka na ziwa. Msitu ule haupo. Mtoto wa Malava akitaka kujua msitu wa namna ile ulivyokuwa, haitaji kuchimba mawe. Anavuka barabara.

Ya kuona katika kisiwa cha Malava

Barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye inapita kando ya msitu, na watu wengi wanaujua kwa kuupita tu. Kuupita si kuuona. Hivi ndivyo siku moja inavyoweza kupangwa.

Fika mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi wanyama wako kazini, jua halijawa kali na mvua ya alasiri haijaja. Anzia ofisi ya misitu, kwa sababu huu ni msitu wa serikali na kuingia kiholela kunaweza kumletea mtu matatizo. Eleza nia, uliza malipo rasmi ni kiasi gani, dai risiti, na omba mtu anayeijua njia.

Kwanza, mbega. Huyu ni yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na mkia mweupe mwishoni. Mwite mtoto amtazame mikono: mbega hana kidole gumba cha maana, na bado anaruka kutoka tawi hadi tawi bila kukosea. Chakula chake kikubwa ni majani. Tumbo lake limegawanyika vyumba, majani huchachuka humo polepole kama yanavyochachuka tumboni mwa ng'ombe. Ndiyo maana hukaa muda mrefu ametulia, na watu husema ni mvivu. Si uvivu. Anasaga.

Pili, kima, yule wa kijivu kilichokoza. Yeye hula matunda, majani machanga na wadudu, na ni mkulima bila jembe: matunda anayokula hapa, mbegu huziangusha kule. Utafiti uliofanywa katika Msitu wa Kakamega na vipande vyake, ukachapishwa mwaka 2006, ulifuatilia mti wa mwiritsa na wale wanaokula matunda yake. Uligundua kwamba hata katika vipande vidogo ndege na kima bado wanazisambaza mbegu vizuri. Hiyo ni habari njema. Msitu huu bado una wafanyakazi wake. Haujafa.

Tatu, miti yenyewe. Mzee wa Kabras akifuatana na vijana, matembezi ya saa moja yanageuka darasa. Mwiritsa, ambao magome yake hutumika kutengeneza dawa ya wanaume waliovimba tezi, na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba tangu mwaka 1995. Mutere, unaokua haraka na kupendwa na hondohondo. Lusiola, uliojenga nyumba nyingi za wazee. Mukumari, wenye mbao nzuri. Mikuyu, ambayo ikizaa huwa kama soko la ndege. Kila mti una jina la Kiluhya, matumizi yake na kisa chake. Kijana anayejua majina 20 ya miti kwa Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza ana bidhaa ambayo mgeni hawezi kuipata kwenye simu.

Nne, ndege na vipepeo. Msitu wa Kakamega una zaidi ya aina 300 za ndege na mamia ya aina za vipepeo. Anayetaka kuongeza siku ya pili aende Buyangu, apande kilima cha kutazamia, na ashuke hadi maporomoko ya mto Isiukhu. Huko anaweza kubahatika kumwona yule ndege mkubwa wa buluu mwenye shungi kichwani, ambaye wapiga picha husafiri kutoka ng'ambo kumtafuta.

Tano, watu na chakula chao. Hakuna likizo ya kisiwani isiyo na meza. Lamu watu hula wali wa nazi na samaki. Malava kuna ingokho aliyechemshwa taratibu, ugali wa wimbi, mrenda, kunde na saga. Kuna mukombero wa kutafuna njiani. Mgeni akipelekwa nyumba ya mama anayepika hivi kwa ustadi, akala akashiba na akalipa bei ya haki, pesa hiyo haipiti kwa mtu wa kati.

Mwenye siku ya tatu ana pa kwenda. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, mto Nzoia unaanguka Nabuyole karibu na Webuye. Kusini, njiani kwenda Kisumu, liko jiwe linalolia la Ilesi. Shinyalu na Ikolomani kuna michezo ya fahali na ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Lamu ina orodha yake, na Kakamega ina yake.

Ya kutofanya

Visiwa huharibiwa na wageni wema kuliko wageni wabaya. Kosa la kwanza hapa ni ndizi. Dereva anasimamisha gari kando ya barabara, anafungua dirisha, anarusha ndizi au mkate. Watoto wanacheka, picha inapigwa, gari linaondoka. Kilichobaki nyuma ni kima aliyejifunza mambo matatu: kwamba chakula kiko barabarani, kwamba binadamu haogopwi, na kwamba mkoba unaweza kunyang'anywa. Kesho yake kima huyo anagongwa na lori la miwa. Au anaingia kwenye mahindi ya jirani wa msitu bila hofu. Au anamkwaruza mtoto anayetoka dukani. Na kwa mbega, ambaye tumbo lake ni la majani, vyakula vitamu ni madhara.

Jozani walikutana na tatizo la barabara. Njia ya lami inapita penye msitu, na kima punju walikuwa wakiuawa na magari mara kwa mara. Katika miaka ya 1990 yaliwekwa matuta, na vifo vilipungua. Ni dawa ya bei nafuu. Dereva wa Malava hahitaji kungoja tuta lijengwe ili apunguze mwendo. Chama cha matatu na vyama vya bodaboda vinaweza kukubaliana wenyewe kwamba penye msitu mwendo ni wa polepole, na abiria akarusha chakula ataambiwa, kwa heshima, asirushe.

Kosa la pili ni takataka. Mfuko na chupa ya soda vinavyotupwa njiani havina mtu wa kuviokota. Mtu aliyekuja navyo arudi navyo.

Kosa la tatu ni kuchukua. Mukombero ni mzizi. Anayeung'oa wote ameua mmea. Kwa muda mrefu watu wameutoa msituni bila kupanda. Lakini hukubali kupandwa shambani, na wakulima wa kaunti hii wamekwisha kuonyesha hivyo. Mgeni anayenunua mukombero aulize umetoka wapi. Akiambiwa umetoka shambani kwa mama fulani, anunue mara mbili. Vivyo hivyo kwa magome ya mwiritsa: mti ukichunwa gome kuzunguka pande zote, unakauka ukiwa umesimama.

Kosa la nne ni kelele. Spika inayopigwa msituni humfukuza yule yule aliyefuatwa.

Nani anafaidi?

Hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo haya. Ni rahisi kumwambia mtu apende msitu ikiwa anaishi mbali nao. Mama mwenye nusu ekari ya mahindi iliyopakana na msitu anajua kima kwa sura nyingine. Msimu wa mahindi mabichi mtoto wake hukaa shambani na debe la kupiga badala ya kucheza. Akiambiwa kwamba mnyama huyo ni hazina, ana haki ya kuuliza: hazina ya nani?

Swali hilo liliulizwa Jozani pia. Wakulima wa jirani walilalamika kwamba kima punju wanawaharibia nazi na mimea. Hawakujibiwa kwa hotuba peke yake. Ulikuja utaratibu ambao sehemu ya mapato ya viingilio huenda kwa vijiji na wakulima wa jirani. Malalamiko hayakwisha yote, lakini mkulima alipata sababu ya kuuvumilia msitu. Wanawake wa Wasini hawakungoja hata hilo. Walijenga njia yao na kukusanya ada yao.

Sheria za Kenya zinatoa nafasi hiyo hiyo. Katiba ya 2010 imeuweka utalii wa mashinani kuwa kazi ya kaunti. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inawaruhusu wakazi kuunda chama cha misitu cha jamii, na chama hicho kinaweza kuingia makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu ili kishiriki katika usimamizi na kupata haki za matumizi. Haki hizo zimetajwa: kuni kwa utaratibu, asali, dawa za mitishamba, nyasi, na pia utalii na burudani. Yaani kutembeza wageni msituni ni haki inayoweza kuombwa na kusainiwa na watu wanaokaa karibu na msitu.

Kwa hiyo mkazi anayeuliza "hazina ya nani?" aliulize swali hilo mahali penye jibu. Ahudhurie baraza la chifu. Ahudhurie vikao vya ushirikishaji wa umma vya bajeti ya kaunti, na ataje kwa jina anachotaka: mafunzo ya waongozaji vijana, choo na kibanda cha kupumzikia, ubao wa maelezo wenye majina ya miti kwa Kiluhya, miche ya miti ya asili kwa shule. Matakwa yaliyotajwa hivyo huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Manung'uniko ya sokoni hayaandikwi popote.

Na kwa kuwa kisiwa kidogo huokolewa pia kwa kukisogeza karibu na bara, kuna kazi ambayo kila boma linaweza kuifanya bila kikao. Mti wa matunda ya ndege ukipandwa kwenye ua, mkuyu ukiachwa usimame mpakani mwa shamba, miti ya asili ikirudishwa kandokando ya vijito, ndege na mbegu hupata mahali pa kutua kati ya Malava, Kisere na msitu mkuu. Kwa ndege, kila mti kama huo ni kisiwa kidogo njiani. Miwa itaendelea kulimwa. Viwanda vya Kabras na Butali vinalisha nyumba nyingi. Hakuna anayedai miwa iondoke. Kinachotakiwa ni kwamba bahari hii ya miwa iwe na mahali pa kupumzikia.

Likizo hii

Anayepanga likizo hii basi anaweza kuanza hivi. Siku ya kwanza, msitu wa Malava asubuhi, na chakula cha mchana kwa mama anayejua kupika ingokho. Siku ya pili, Buyangu na maporomoko ya Isiukhu. Siku ya tatu, Ilesi, au Nabuyole, au mchezo wa fahali kwa anayeupenda. Pesa ikiwepo, siku mbili za Rusinga na Mfangano. Na Mungu akijalia siku moja familia ikafika Lamu au Jozani, mtoto atakwenda huko akiwa na macho yaliyokwisha kufundishwa kutazama. Mwongozaji wa Jozani akimwonyesha kima punju, atajibu kwamba kwao kuna mbega, ataeleza tumbo lake lilivyo, na yule mwongozaji atamwuliza Malava iko wapi.

Walimu wanaombwa wawape wanafunzi kazi moja ya likizo: kila mmoja aje na majina matano ya miti ya msituni aliyoelezwa na babu au bibi yake, pamoja na matumizi ya kila mti. Vijana wenye simu wapige picha za mbega akiwa juu ya mti wake, na wala si za kima akiwa na mkate mkononi. Madereva wapunguze mwendo. Wageni kutoka mijini waache ndizi ndani ya gari.

Watu waliokaa Barro Colorado wamehesabu waliopotea kwa karibu miaka mia moja. Malava bado ina nafasi ya kuhesabu waliopo. Hesabu hiyo inaweza kuanza kesho asubuhi, saa kumi na mbili, ng'ambo ya barabara.

Likizo njema, na karibuni msituni. Mulembe muno.